Kapita na Watu Wake: Habari ya François Pienaar wa Afrika ya Kusini

(Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyochapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji)

Mababa na wamama, vijana, ninyi mlio chini ya maturubai kambini, ninyi mliopokelewa na jamaa katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu kumi na watano, nanyi viongozi wetu, mashefu wa vijiji, wakubwa wa mitaa, wachungaji, mapadri na mashehe: nawasalimu wote. Karatasi hii inabeba maneno tuliyoyasema katika redio. Anayejua kusoma amsomee na jirani yake asiyejua.

Leo nitawaeleza habari ya mchezaji. Najua wapo watakaosema: sisi tuna njaa, mashamba yetu yamebaki nyuma, na huyu anatuletea mambo ya mpira. Nawaomba mnivumilie kidogo. Sitawaambia kwamba mpira huleta amani. Mpira peke yake hauleti amani, na mahali pengine umeleta vita. Nataka tumtazame mtu mmoja aliyekuwa mkubwa wa ekipe, na kazi aliyoifanya mbele ya watu wake mwenyewe.

Hapa kwetu kila mtu anajua neno kapita. Kapita ni yule anayesimamia watu kijijini au kazini, chini ya shefu au bwana mkubwa. Neno hilo lilitoka kwa Wareno, na maana yake ni kapiteni. Kapita hukaa katikati: juu yake kuna wakubwa, chini yake kuna watu. Anapoleta neno ambalo watu hawalitaki, yeye ndiye wa kwanza kutukanwa. Basi swali langu la leo ni hili: kapita anapotaka amani, aanze kusema na nani? Na adui, au na watu wake?

NCHI ILIYOKUWA KARIBU KUWAKA

François Pienaar alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 1 mwaka wa 1967 katika mji wa Vereeniging, Afrika ya Kusini. Kando ya mji huo kuna mtaa wa watu weusi uitwao Sharpeville. Hapo, tarehe 21 mwezi wa 3 mwaka wa 1960, polisi waliwapiga risasi watu waliokuwa wanakataa vitambulisho vya kulazimishwa, wakaua 69. Ndiyo kusema mtoto huyu alizaliwa karibu na makaburi ambayo watu wake hawakupenda kuyataja.

Watu wake walikuwa Waafrikana, Wazungu ambao mababu zao walikuja zamani, wengi kutoka Uholanzi. Sisi tumezoea kuwaita Makaburu. Jamaa yake hawakuwa matajiri. Yeye alikuwa hodari wa michezo, na kwa uhodari huo alipata nafasi ya kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Rand Afrikaans, Johannesburg.

Sheria za nchi ile zilikuwa sheria za ubaguzi. Mwaka wa 1950 serikali ilitunga sheria ya kumwandika kila mtu kwa rangi yake, na mwaka huohuo sheria nyingine ya kugawa miji: hapa watakaa Wazungu, pale watakaa weusi, kule machotara na Wahindi. Katika mji wa Cape Town kulikuwa na mtaa uitwao District Six. Mwaka wa 1966 serikali iliutangaza kuwa wa Wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 walihamishwa, na nyumba zao zikabomolewa. Wengi walipelekwa kwenye nchi ya mchanga, mbali na kazi zao na makanisa na misikiti yao. Ninyi mliohama makwenu mnaelewa jambo hili bila kufasiriwa.

Nelson Mandela alitoka gerezani tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka wa 1990, baada ya miaka 27. Watu wengi hufikiri kwamba tangu siku ile amani ilikuwa imefika. Sivyo. Tarehe 10 mwezi wa 4 mwaka wa 1993, Chris Hani, kiongozi aliyependwa sana na vijana weusi, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake. Aliyemwua alikuwa Mzungu aliyehamia kutoka Poland. Nchi ikatetemeka. Katika siku zile Mandela, ambaye hakuwa bado rais, alisema na taifa katika televisheni. Hakuficha kwamba muuaji alikuwa Mzungu. Lakini aliongeza neno: mwanamke Mzungu, Mwafrikana, ndiye aliyewapa polisi habari za gari la muuaji, hata akakamatwa.

Tazameni alikuwa anasema na nani. Alikuwa anasema na watu wake mwenyewe, wale waliokuwa wanalia, wale waliokuwa wameshika mawe tayari. Aliwapa ukweli wote, si nusu yake.

Upande wa pili, jenerali Constand Viljoen, aliyekuwa zamani mkuu wa jeshi, aliongoza Waafrikana waliokuwa tayari kushika bunduki ili kuzuia uchaguzi. Mandela na yeye walikutana kwa siri mara nyingi. Mwezi wa 3 mwaka wa 1994 jenerali aliandikisha chama chake katika uchaguzi, akaiacha njia ya bunduki. Wapo wa upande wake waliomwita msaliti.

MCHEZO WA UPANDE MMOJA

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Unaitwa raga. Kila upande una watu 15. Mpira wake haukuviringana, umekaa kama yai kubwa. Mchezaji anaweza kukimbia nao mbele mikononi, lakini akitaka kumrushia mwenzake kwa mkono, sharti aurushe nyuma au kando, kamwe si mbele. Wenzake ni lazima wamfuate karibu, kwa maana peke yake ataangushwa.

Waafrikana waliupenda mchezo huu kama dini. Ekipe ya taifa iliitwa Springbok, jina la mnyama wa jamii ya paa, na jezi yao ilikuwa ya kijani. Kwa watu weusi wengi, jezi ile ilikuwa nguo ya watesi wao. Katika viwanja walitengewa pembe yao, na kutoka pembe ile walishangilia ekipe yoyote ya kigeni iliyokuja kucheza na Springbok. Wapenda haki wa dunia nao waliitenga ekipe ile. Katika mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia, mwaka wa 1987, na ya pili, mwaka wa 1991, Afrika ya Kusini haikuwamo.

Ekipe ilipokubaliwa tena, tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka wa 1992, ilicheza na New Zealand katika kiwanja cha Ellis Park, Johannesburg. Iliombwa kwamba wimbo wa taifa wa zamani na bendera ya zamani visitumiwe, maana kwa weusi vilikuwa vidonda. Watu waliojaa kiwanjani walipeperusha bendera ileile, wakaimba wimbo uleule. Hii ndiyo hali ambayo kapita wetu aliikuta.

Pienaar alivaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza tarehe 26 mwezi wa 6 mwaka wa 1993, mjini Durban, dhidi ya Ufaransa. Mchezo ulikwisha 20 kwa 20. Siku ileile ya kwanza alikuwa kapiteni. Alicheza michezo 29 ya kimataifa, na yote 29 aliicheza akiwa kapiteni. Ilikuwa miezi miwili na nusu tu tangu kuuawa kwa Hani.

KAPITA ALIFANYA NINI

Mwezi wa 5 mwaka wa 1994 Mandela aliapishwa kuwa rais. Mwezi wa 6 alimwita Pienaar ofisini kwake Pretoria, wakanywa chai. Kapita alikuwa na miaka 27, umri uleule wa miaka ambayo mwenyeji wake alifungwa. Mandela alikuwa amejifunza lugha ya Kiafrikana gerezani, tena alijua habari za raga. Kombe la Dunia la mwaka wa 1995 lilikuwa linakuja kuchezwa nyumbani kwao.

Kukutana na mkubwa na kunywa chai si kazi ngumu. Sisi pia tumewaona watu wetu wakienda hotelini kunywa chai na adui, wakapigwa picha, wakarudi. Kazi ngumu inaanza mtu anaporudi kwa watu wake.

Kazi ya kwanza ilikuwa wimbo. Tangu mwaka wa 1994 nchi ilikuwa na nyimbo mbili za taifa: ule wa zamani wa Waafrikana uitwao Die Stem, na Nkosi Sikelel' iAfrika, uliotungwa na Enoch Sontonga mwaka wa 1897. Sauti ya wimbo huo wa pili mnaijua, kwa maana ndiyo ile ya Mungu Ibariki Afrika ya Tanzania. Kwa Waafrikana wengi ulikuwa wimbo wa maandamano, wimbo wa wale walioitwa magaidi. Wachezaji hawakujua maneno yake. Basi aliletwa mwalimu, na wanaume wale wakubwa wakakaa kama watoto wa darasa la kwanza, wakajifunza kutamka maneno ya Kixhosa, Kizulu na Kisotho. Kapita alikaa pamoja nao, akajifunza pamoja nao.

Kazi ya pili ilikuwa kwenda kuona. Wakati wa mashindano ekipe ilivuka maji mpaka kisiwa cha Robben, mahali ambapo Mandela alifungwa miaka 18. Walikiona chumba chake. Ni chumba kidogo sana, mtu mrefu akilala karibu agonge ukuta kwa kichwa na kwa miguu. Hakuna aliyewahutubia kwa saa nyingi juu ya ubaguzi. Waliona kwa macho yao kile kilichofanywa kwa jina lao.

Nataka viongozi mliangalie jambo hilo. Tunapenda kuwapeleka watu wetu kwenye makaburi ya watu wetu. Ni nani kati yetu amewahi kuwapeleka watu wake kwenye makaburi ya upande mwingine?

NA UPANDE WA PILI JE?

Mngesema: huyo alikuwa upande wa wenye makosa, ni haki yake kujinyenyekeza. Ni kweli. Lakini upande wa walioonewa nao ulikuwa na mtu aliyesema na watu wake.

Wengi katika chama cha Mandela na katika mashirika ya michezo walitaka jina la Springbok na mnyama wake vifutwe kabisa. Walikuwa na sababu. Mandela alisimama mbele yao akatetea jina libaki. Hesabu yake ilikuwa kwamba Waafrikana walikwisha kupoteza utawala, na mtu aliyeogopa asinyang'anywe kila kitu kwa siku moja.

Tarehe 16 mwezi wa 6 ni siku ya kukumbuka watoto wa Soweto waliouawa mwaka wa 1976, walipokataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana. Siku hiyo ya mwaka wa 1995, huko Ezakheni katika KwaZulu-Natal, Mandela alisimama mbele ya mkutano wa watu weusi amevaa kofia ya Springbok. Wakamzomea. Wakamzomea Mandela! Hakuivua kofia. Aliwaeleza kwamba vijana wale sasa ni vijana wetu, na kwamba wawaombee washinde.

Mnaona basi, ndugu zangu. Daraja la amani lilijengwa kutoka pande zote mbili za mto, na kila fundi alikuwa anapigiwa kelele na watu wa upande wake mwenyewe.

SIKU YA FAINALI

Mashindano yalianza tarehe 25 mwezi wa 5 mwaka wa 1995 katika kiwanja cha Newlands, Cape Town, mji uleule wa District Six. Afrika ya Kusini ilishinda Australia 27 kwa 18. Baadaye ilishinda Romania, Kanada, Samoa ya Magharibi, na Ufaransa chini ya mvua kubwa pale Durban, 19 kwa 15.

Katika ekipe nzima kulikuwa na mchezaji mmoja tu ambaye hakuwa Mzungu, Chester Williams. Alikuwa ameumia, akaachwa nje, akaitwa tena mwenzake alipofungiwa. Katika mchezo na Samoa alipeleka mpira nyuma ya mstari mara nne. Picha yake ilikuwa ukutani kila mji.

Tarehe 24 mwezi wa 6 ilikuwa fainali na New Zealand, Ellis Park, kiwanja kilekile ambacho miaka mitatu nyuma bendera ya zamani ilipeperushwa. Watu zaidi ya 60,000 walikuwapo, karibu wote Wazungu. Kabla ya mchezo kuanza Mandela aliingia amevaa jezi ya kijani na kofia yake, na mgongoni namba 6. Hiyo ilikuwa namba ya Pienaar. Wengi wa watu wale walilelewa wakiambiwa kwamba mzee huyu ni gaidi. Wakaanza kumwita kwa jina lake: Nelson, Nelson.

Nyimbo zilipopigwa, kapita aliyewaimbisha wenzake hakuweza kuimba. Aliueleza ulimwengu baadaye kwamba aliuma mdomo ili asilie. Muda wa kawaida ulikwisha 9 kwa 9. Katika muda wa nyongeza Joel Stransky aliupiga mpira kwa mguu, ukapita katikati ya miti ya goli. Mchezo ukaisha 15 kwa 12.

Mwandishi wa televisheni alimwuliza Pienaar juu ya msaada wa watu wale zaidi ya 60,000 kiwanjani. Akajibu kwamba msaada haukutoka kwa hao peke yao, ulitoka kwa watu milioni 43. Hiyo ilikuwa hesabu ya wananchi wote. Je, wote milioni 43 walikuwa wameshangilia? Kapita hakuwahesabu. Lakini alijua maneno yake yanaingia nyumba za nani. Waafrikana waliokaa mbele ya televisheni siku ile walimsikia kijana wao, kwa furaha yao kubwa kuliko zote, akiwaambia kwamba taifa si wao peke yao.

YALE AMBAYO JEZI HAIKUWEZA

Wengi huishia hapo, wanapiga makofi, wanafunga hadithi. Mimi sitaishia hapo, kwa maana nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya.

Usiku uleule, katika karamu, mkubwa wa chama cha raga alisema kwamba kama Afrika ya Kusini ingekuwamo, ingechukua na makombe mawili yaliyotangulia. Wageni wa New Zealand waliondoka kwa hasira.

Pienaar mwenyewe hakudumu. Alikuwa msemaji wa wachezaji katika mambo ya mishahara, jambo lisilowapendeza wakubwa. Mwezi wa 8 mwaka wa 1996 aliumia katika mchezo na New Zealand pale Newlands, akatolewa juu ya machela, na mwalimu mpya wa ekipe hakumwita tena. Alikwenda Uingereza, akachezea na kufundisha ekipe ya Saracens, wakashinda kombe mwaka wa 1998. Na yule mwalimu aliyemwondoa? Mwaka wa 1997 sauti yake ilinaswa akiwatukana watu weusi, ikamlazimu kujiuzulu. Hii ni miaka miwili tu baada ya siku ya Ellis Park.

Chester Williams, aliyefariki mwaka wa 2019, alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 2002 kwamba wapo wenzake waliomwita kwa majina ya kudharau rangi yake. Picha yake ilikuwa ukutani, na ndani ya ekipe alibaki peke yake.

Na watu wa District Six? Jezi haikuwarudishia nyumba. Hapa niruhusuni niseme kama mtu aliyesoma sheria. Mwaka wa 1994, kabla ya kombe, bunge lilitunga sheria ya kurudisha haki za ardhi: mtu au jamaa aliyenyang'anywa ardhi kwa ubaguzi tangu tarehe 19 mwezi wa 6 mwaka wa 1913 aliweza kudai. Mwaka wa 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza kuwasikiliza waliotendwa na waliotenda. Mwezi wa 12 mwaka huohuo Mandela alitia sahihi Katiba mpya palepale Sharpeville, kando ya mji alikozaliwa Pienaar. Kurudisha ardhi kumekwenda polepole mno, na wazee wengi wa District Six walikufa wakingoja. Hata hivyo kulikuwa na mlango wa kubisha hodi, na mlango huo ulikuwa umeandikwa.

Tena mwaka wa 1998 chama cha raga kilimpeleka Mandela mwenyewe mahakamani, kwa sababu aliunda tume ya kuchunguza mambo yake. Rais wa nchi alisimama mbele ya hakimu akahojiwa. Hakimu yule alimpa haki mpinzani wake. Mwaka wa 1999 Mahakama ya Katiba ikaitengua hukumu hiyo. Ugomvi ulikuwa mkubwa, kati ya walewale waliokumbatiana Ellis Park, lakini ulikwisha kwa karatasi na si kwa panga. Mimi naihesabu siku ile ya mahakama kuwa sawa na siku ya kombe, ingawa hakuna aliyecheza ngoma.

Tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka wa 1991, katika mtaa maskini wa Zwide, mji unaoitwa sasa Gqeberha, alizaliwa mtoto mweusi aitwaye Siya Kolisi. Alilelewa na bibi yake, na ameeleza kwamba siku nyingine kulikosekana chakula, akanywa maji ya sukari. Tarehe 9 mwezi wa 6 mwaka wa 2018, Ellis Park, aliiongoza ekipe ile kama kapiteni, mtu mweusi wa kwanza kuwa kapiteni wake, naye amevaa namba 6. Aliiongoza kushinda Kombe la Dunia mwaka wa 2019 na tena mwaka wa 2023. Tangu jezi ya Mandela mpaka jezi ya Kolisi ilipita miaka 23. Mtoto aliyezaliwa siku ya fainali alikwisha kuwa mtu mzima. Anayewaahidi amani ya mwezi mmoja, mwulizeni juu ya miaka hiyo 23.

NA SISI?

Sisi Wakongomani hatuko mbali na habari hii. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka wa 1997 Mandela huyohuyo aliwakutanisha Mobutu na Laurent-Désiré Kabila katika meli Outeniqua, pale Pointe-Noire. Haikufaa kitu, siku 13 baadaye utawala wa Kinshasa ulianguka. Mwaka wa 2002 wajumbe wetu walikaa kuzungumza Sun City, na tarehe 17 mwezi wa 12 walitia sahihi mapatano Pretoria. Wote hao walikwenda nchi ya Pienaar, wakakaa na adui meza moja. Nawauliza: ni wangapi kati yao walirudi vijijini kuwaambia watu wao wenyewe neno ambalo watu hawakutaka kulisikia?

Kwa hiyo, viongozi, nawaachia mambo matatu.

La kwanza. Chunga ulimi wa watu wako kabla ya kuchunga ulimi wa jirani. Siku kijana wa upande wako anaposema penye pombe kwamba wale si watu, wale ni nyoka, na wewe shefu ukacheka au ukanyamaza, umempa ruhusa. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe peke yako unaweza kumkemea, maana akikemewa na mtu wa upande mwingine ataona ni vita.

La pili. Wapeleke watu wako wakaone. Wenyeji waingie kambini walale usiku mmoja chini ya turubai wakati wa mvua. Ninyi mliohama, muulizeni mwenyeji ni lini alivuna kwa mara ya mwisho, na kuni zake zilikwenda wapi. Mtu aliyeona ni vigumu kumdanganya.

La tatu. Usiwadai waliopoteza waimbe tu. Baba aliyenyang'anywa shamba, ukimletea mpira na ngoma na kumwambia sahau, umemwonea mara ya pili. Mwandikie majina ya mipaka ya shamba lake, mti gani, kijito gani, jirani gani shahidi, na uiweke karatasi mahali salama. Wimbo uende pamoja na karatasi.

Nanyi wasikilizaji msio na cheo, msiseme kwamba hayo ni ya wakubwa. Mama anayegawa zamu bombani ni kapita. Mkubwa wa kikundi cha dua, kijana anayepanga mechi kati ya kambi na kijiji, hao wote ni makapita. Kila mmoja ana watu wake watano au kumi wanaomsikiliza yeye na hawamsikilizi mwingine. Uanze na hao. Watakuzomea. Usiivue kofia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni neno gani la ukweli ambalo watu wa upande wetu hawapendi kulisikia? Nani kati yetu anaweza kulisema?

2. Je, kuna wimbo, jina au siku ya upande mwingine tunayoweza kuiheshimu bila kupoteza yetu?

3. Katika kikundi chetu, ni nani ambaye mipaka ya shamba lake haijaandikwa bado? Tuanze lini?

Mungu awajalie usiku wa amani na siku ya kurudi makwenu.